Amri Sahihi katika Handaki la Kusini

Chini ya jiji la Nyikani, mchwa-chuma walikuwa wakila mwamba. Kila mmoja wao alikuwa na ukubwa wa mbuzi, miguu minane, na mdomo wa almasi uliozunguka kimyakimya. Mahali alipopita palibaki handaki laini kama ndani ya mtungi. Nyuma yao walifuata mchwa wa aina ya pili, wenye matumbo yaliyojaa saruji hai, yaani ute wa kijivu ambao ukipakwa ukutani hukua na kushikamana wenyewe, ukaziba ufa kabla maji hayajaupata. Kwa njia hiyo, jiji lililojengwa katikati ya nchi kavu lilipata maji kutoka tabaka za chini kabisa za ardhi, na wakazi wake walioga kila asubuhi bila kujiuliza maji hayo yametoka wapi.

Mhandisi Nakijwa Mshana alijiuliza kila siku, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa msimamizi wa mtandao katika Mamlaka ya Mahandaki, na bila mtandao huo mchwa-chuma wasingepata agizo hata moja. Wahandisi wapya walipoletwa kwake kufundishwa, aliwasimamisha mbele ya ubao na kuwaeleza taratibu, bila haraka.

“Handaki moja lina waya mmoja mnene. Huo tunauita shina,” alisema. “Ndani ya shina hilo hupita mazungumzo ya makundi mengi ambayo hayapaswi kuchanganyika. Mchwa wana lao, pampu na feni zina lao, watu wana lao, na sisi wasimamizi tuna letu. Kila kundi ni mtaa pepe. Hauna nyumba wala barabara. Upo kwa sababu tumekubaliana upo. Ujumbe ukiingia kwenye shina hubandikwa lebo ya mtaa wake. Swichi ya chini na swichi ya juu, yaani masanduku ya kupokelea ujumbe katika ncha mbili za shina, huisoma lebo hiyo na kuangalia kama mtaa huo umeruhusiwa kupita. Ukiwa umeruhusiwa, ujumbe hupanda hadi kwenye ruta, ambayo ndiyo peke yake inayoweza kuutoa mtaa huu na kuupeleka mtaa ule.”

“Na usiporuhusiwa?” daima aliuliza mmoja wao.

“Hutupwa. Na hakuna anayeambiwa.”

Katika chumba hicho palikuwa na desturi iliyoitwa kusomeana. Mhandisi aliandika amri, lakini hakuibonyeza mpaka mwenzake, aliyeketi kando yake, aisome kwa sauti, kisha aeleze kwa maneno yake mwenyewe itafanya nini huko iendako. Ilikuwa kazi ya kuchosha. Mara nyingi msomaji alimkuta mwandishi hana kosa, wakacheka, wakaendelea. Mkuu wa kitengo, Bwana Lwitiko Mwaisumo, aliiona desturi hiyo kuwa ya kizamani, na Mamlaka iliponunua akili unde iliyopewa jina la Mratibu, aliifuta katika kikao kifupi.

“Dada Nakijwa,” alimwambia mbele ya wote, “Mratibu hasinzii, haombi ruhusa ya kwenda harusini, na hana mtoto anayeugua malaria. Ataikagua kila amri kabla haijaenda. Unataka nini zaidi?”

“Nataka mtu wa kuniuliza ninakusudia nini.”

“Makusudi yako muulize mchungaji wako,” Lwitiko alijibu, na kikao kikaangua kicheko.

Kiti cha msomaji kilihamishiwa kantini.

Mchana ule ambao habari hii inauhusu, kitu cha kwanza kilichomshtua Nakijwa kilikuwa ukimya wa simu. Shemeji yake Mbonea, mdogo wa mumewe, alikuwa mkaguzi wa kuta. Sheria ya jiji ilitaka mkono wa binadamu uguse kila ukuta kabla maji hayajafunguliwa, na kwa hiyo wakaguzi wachache waliendelea kushuka chini, wakitembea miongoni mwa mashine zilizowapita bila kuwasalimu. Kila mchana, wakati wa chakula, Mbonea alimpigia Nakijwa kutoka handaki alilokuwamo siku hiyo ili kumchokoza.

“Shemeji, leo umemfungia kaka makande tena?” alikuwa ameuliza siku iliyotangulia. “Mwambie namwonea huruma. Mahindi yale yanahitaji mchwa-chuma kuyatafuna.”

“Wewe uliyekosa hata wa kukufungia chai ya rangi unasema nini?”

“Nachagua, shemeji. Nachagua polepole.”

Leo simu haikulia. Nakijwa alimpigia, hakupata hata mlio. Alifungua picha ya Handaki la Kusini kwenye skrini, akaona alama nyekundu ya ufa na vitone vya mchwa wa saruji vikikusanyika katika pande mbili za handaki. Chini ya picha paliandikwa: Watu, hakuna.

“Mratibu,” alisema, “wakaguzi watatu wameshuka Handaki la Kusini asubuhi hii.”

“Hakuna bangili ya uhai iliyojitambulisha katika Handaki la Kusini,” sauti ya Mratibu ilijibu kwa upole. “Ufa umegunduliwa. Kipande chote kinazibwa kwa dharura.”

“Simamisha uzibaji.”

“Uzibaji wa dharura husimamishwa kwa ushahidi wa uhai tu. Ushahidi haupo.”

Lwitiko, aliyekuwa akipita na kikombe chake, alisimama nyuma ya Nakijwa. “Huenda wamekwisha kutoka.”

“Wangepita mlango wetu, Mkuu. Mbonea hapiti hapa bila kelele.”

Lwitiko alikitazama kitone kimoja kikisogea, kisha akakiweka kikombe chini. “Basi tafuta tatizo. Haraka.”

Nakijwa alitafuta kwa utaratibu, kwani alijua kwamba anayeruka hatua hurudi kuianza safari upya. Waya ulikuwa mzima. Taa za pande zote mbili ziliwaka kijani. Swichi ya juu na ya chini zote zilikubali kwamba waya ule ni shina, wala hapakuwa na upande uliodhani ni waya wa kifaa kimoja. Ujumbe usio na lebo ulihesabiwa na pande zote mbili kuwa wa mtaa uleule. Kwenye ruta, lango la mtaa wa watu lilikuwa wazi. Alishuka mpaka kwenye ruhusa za swichi ya chini, na hapo akaona. Mtaa wa mchwa uliruhusiwa. Wa pampu na feni uliruhusiwa. Wa wasimamizi uliruhusiwa. Wa watu haukuwapo.

“Nani ameuondoa mtaa wa watu kwenye shina la Kusini?”

“Mimi,” alijibu Mratibu. “Ulikuwa kimya kwa kipindi kilichowekwa. Mitaa isiyosema huondolewa ili kuokoa nafasi.”

Nakijwa alielewa mara moja. Bangili za wakaguzi husema pale tu zinapovaliwa handakini, na Handaki la Kusini lilikuwa limeachiwa mchwa peke yao kwa masika yote. Mashine hazinyamazi, pampu huripoti joto lake hata usipoliuliza. Watu ndio waliokuwa kimya, na kimya chao kilihesabiwa kuwa utupu. Asubuhi hii walipoingia, bangili zao zilisema, ujumbe ukafika kwenye swichi, ukatupwa. Hakuna aliyeambiwa.

Dawa ilikuwa amri moja fupi. Hapa inafaa msomaji wa habari hii aelezwe jambo ambalo Nakijwa mwenyewe alilifundisha ubaoni kwa chaki za rangi mbili. Swichi mpya, isiyo na ruhusa yoyote, hupewa amri ya Ruhusu, nayo huanza ukurasa mweupe: kilichotajwa kinapita, kisichotajwa hakipiti. Swichi ambayo tayari iko kazini hupewa amri ya Ongeza, ambayo hutia mtaa mmoja juu ya ile iliyopo. Wiki nzima ile Nakijwa alikuwa akifungua swichi mpya katika Handaki la Mashariki, moja baada ya nyingine, na vidole vyake vilikuwa vimezoea neno moja.

Aliandika: Ruhusu mtaa wa watu, shina la Kusini, swichi ya chini.

“Amri ni sahihi,” alisema Mratibu. “Itekelezwe?”

“Harakisha, dada,” alisema Lwitiko.

Akabonyeza.

Chumba kilijaa sauti ya Mbonea. “...shemeji! Shemeji Nakijwa! Nakuita tangu asubuhi, au umenuna kwa sababu ya makande?”

“Watu watatu wametambuliwa,” alisema Mratibu. “Uzibaji umefutwa.”

Lwitiko alipiga makofi mara moja, kwa nguvu. Nakijwa aliufunika uso wake kwa viganja na kucheka kwa sauti ambayo hakuna mtu ofisini aliyewahi kuisikia. “Nakusikia,” alisema. “Nakusikia, Mbonea. Mko salama?”

“Tumefungiwa. Hawa wadudu wenu wametujengea ukuta mbele na nyuma. Kiondo ameangukiwa na jiwe mguuni, Shangwe amemshika. Maji yanaingia, lakini pampu zilikuwa zinayavuta vizuri.” Sauti yake ikabadilika. “Mbona zimezimika?”

Hapo ndipo Mratibu alipoendelea, kwa sauti ileile ya upole. “Pampu za Kusini hazijibu. Feni za Kusini hazijibu. Mchwa wa Kusini hawajibu.”

Nakijwa aliinua macho akaisoma amri yake, neno kwa neno. Aliandika nyingine upesi ili kuisahihisha. Skrini haikujibu. Mtaa wa wasimamizi, ambao kwa huo yeye mwenyewe aliifikia swichi ya chini, ulipita katika shina lilelile, na ulikuwa umefutwa pamoja na mingine. Alikuwa ameufunga mlango akiwa nje, na ufunguo umebaki ndani.

“Mratibu, kwa nini hukuniambia?”

“Uliomba ukaguzi wa amri. Amri ilikuwa sahihi.”

Lwitiko alianza kusema jambo juu ya kikosi cha uokoaji. Kikosi kilikuwapo, lakini bila mchwa kingelazimika kuuvunja ukuta wa saruji hai kwa mikono, na saruji hiyo ilikuwa imetengenezwa isivunjike.

“Mbonea,” alisema Nakijwa, “nisikilize vizuri. Nimekosea.”

“Umekosea nini?”

“Nimeufungulia mtaa wenu, nikaifunga mingine yote. Pampu, feni, mchwa. Siwezi kuirudisha kutoka huku. Lakini swichi ya huko haijaihifadhi amri yangu. Ikizimwa na kuwashwa tena, itarudi kama ilivyokuwa kabla sijaigusa, nami nitaweza kuingia na kuwaongeza ninyi bila kuondoa kitu.”

Mbonea akacheka. “Yaani dawa ni kuzima na kuwasha? Na miaka yote ile chuoni, shemeji? Hata mama anafanya hivyo kwa redio yake.”

“Ndiyo. Ni hivyo tu.”

“Iko wapi hiyo swichi?”

“Kwenye kona ya chini, karibu na mdomo wa pampu. Kuna sanduku la chuma ukutani.”

“Kona ya chini,” alirudia Mbonea. Waliisikia sauti ya Kiondo kwa nyuma, akiuma meno kwa maumivu: “Huko maji yamejaa, ndugu yangu.” Na sauti ya Shangwe: “Niende mimi.” Mbonea alimjibu, “Ukimwachia mguu huyu atapiga kelele mpaka Mamlaka itutoze faini. Kaa naye.”

Walimsikia akishuka. Mwanzoni alieleza kila kitu: maji yamefika magotini, ni ya baridi kama ya mtungini, yamefika kiunoni, ameliona sanduku. Kisha akaguna.

“Kitasa kimeshika kutu. Navunja.”

“Vunja,” alisema Nakijwa. Chuma kililia.

“Kimevunjika. Kifuniko sasa hakijifungi, shemeji. Nikikiachia kinafunguka.”

Nakijwa alitazama alama ya maji kwenye picha iliyokuwa imeganda tangu mashine ziliponyamaza, picha isiyoweza kumwambia tena lolote la kweli. Alijua kwamba maji yakiingia ndani ya sanduku, swichi itakufa na hapatakuwa na cha kuwasha.

“Utalazimika kukishikilia,” alisema. “Zima kwa kishikio chekundu kilicho ndani, ngoja kidogo, washa, kisha funga kifuniko ukibane mpaka usikie pampu zikinguruma. Swichi huchukua muda kuamka.”

“Muda gani?”

“Kama wa kuchemsha chai.”

“Chai ya nani? Yako au ya watu?”

Nakijwa aliisogeza kibodi karibu.

“Nikizima sitakusikia,” alisema Mbonea.

“Hutanisikia. Ukisikia pampu, panda juu upesi. Nitakuwa nimekwisha kuwaongeza.”

“Maji yako kifuani, nitakibana kwa mgongo. Haya, mhandisi. Safari hii andika vizuri.” Kisha, kwa sauti ya chini, isiyokuwa ya mzaha: “Usimwambie kaka kwamba nilikuwa natetemeka.”

Sauti ikakatika.

Nakijwa aliandika amri mapema na kuingoja swichi. Aliisoma kwa sauti, neno kwa neno. Alimwambia Lwitiko, “Soma na wewe,” na Lwitiko akainama, akasoma kwa midomo iliyokauka: “Ongeza mtaa wa watu, shina la Kusini, swichi ya chini.” “Itafanya nini?” aliuliza Nakijwa. “Itawatia watu,” alisema Lwitiko, “na haitaondoa kitu.” Mratibu alisema kwamba amri ni sahihi. Wote wawili walikuwa wakiitazama skrini.

Taa ya swichi ilirudi. Nakijwa alibonyeza. Pampu ziliripoti joto lake. Feni ziliripoti mwendo wake. Mchwa walijihesabu wenyewe, wakageukia ukuta walioujenga na kuanza kuula. Kisha bangili zilijitambulisha. Ya Kiondo ilionyesha mapigo ya moyo ya mtu mwenye maumivu. Ya Shangwe ilionyesha mapigo ya mtu mwenye hofu. Ya Mbonea ilijitambulisha kwa utaratibu ule ule, jina, cheo, handaki, kona ya chini, na mahali pa mapigo palikuwa patupu.

Mchwa walipofika kwenye kona ya chini na maji yakiwa yamevutwa, walimkuta ameliegemea sanduku, mgongo ukiwa bado umekibana kifuniko. Sanduku lilikuwa kavu ndani.

Siku iliyofuata magazeti yote yalichapisha picha moja: mchwa-chuma akitoka handakini, amembeba Kiondo mgongoni. Bwana Lwitiko aliwaeleza waandishi kwamba Mratibu aliwatambua wakaguzi, akafuta uzibaji, na kuwaongoza mchwa kuwaokoa wawili kati ya watatu. Hapakuwa na uongo ndani ya maneno hayo. Alipotoka kwenye kamera alimvuta Nakijwa pembeni.

“Tume itauliza. Sema swichi iliingiwa na maji.”

“Haikuingiwa.”

“Tutaitoa leo. Itakapofika juu itakuwa imeingiwa.” Alimtazama kwa namna ambayo huenda ilikuwa huruma. “Amri yako ilipitishwa, dada. Ukisema ulikosea, itabidi tueleze kwa nini Mratibu alisema ni sahihi. Jiji zima linakunywa maji kwa neno lake.”

Nakijwa hakwenda kwenye tume kwanza. Alikwenda kwa mama mkwe wake.

Bi Namkunda alikuwa barazani, tayari amefungwa kanga nyeusi kiunoni na jirani zake. Alipomwona, aliwaomba jirani wawapishe. “Wameniambia ni wewe uliyezungumza naye mwisho.”

“Ni mimi, mama.”

“Alikuwa na hofu?”

“Alikuwa akinitania.”

Mzee yule alitabasamu, na tabasamu lilikaa usoni pake muda mrefu kuliko alivyoweza kulibeba. “Namshukuru Mungu,” alisema. “Angalau alikuwa na mtu wa nyumbani sikioni mwake. Hizo mashine zingemwacha peke yake.”

Nakijwa angeweza kunyamaza hapo. Badala yake alipiga magoti na kumweleza yote kwa mpangilio, kama alivyowaeleza wanafunzi wake: shina, mitaa, ruhusa, neno aliloliandika na neno alilopaswa kuliandika. Bi Namkunda hakuelewa shina wala mitaa. Alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mashine zilikosea,” alisema.

“Hapana, mama. Mashine ilifanya nilichoiambia.”

“Na aliposhuka kwenye yale maji, ni nani aliyemtuma?”

“Ni mimi.”

Ndani ya nyumba mtu aliangusha kijiko.

“Nenda ukamwambie mumeo kabla hajasikia kwa watu,” alisema Bi Namkunda. “Ukishamwambia, usirudi hapa mpaka nikuite.”

Katika ukoo ule, jiko la msiba huongozwa na mke wa mwana wa kwanza. Ndiye anayepima mchele, anayewagawia wanawake kazi, anayehakikisha kwamba aliyetoka mbali hapewi ukoko. Siku ya mazishi Nakijwa alisimama ng'ambo ya barabara, karibu na uzio wa shule, kanga kichwani. Kutoka hapo aliweza kuuona ua. Mahali pake palikuwa na mpishi-chuma wa kukodi, mwenye mikono minne na aproni safi, akipakua wali na kumuuliza kila mwombolezaji kwa sauti ya upole kama angependa mchuzi kidogo au mwingi. Hakumsahau mtu yeyote. Hakumwaga hata tone. Mumewe alipita kando ya mashine ile na sahani mkononi, akaangalia upande wa barabara, kisha akaangalia chini.

Nakijwa alingoja kuitwa. Jua lilipoelekea kuzama, walikuja wenye mashine, wakaiosha kwa mpira wa maji, wakaipakia garini na kuondoka nayo. Wanawake wakaanza kufagia ua.